Kioo cha Mwambakuu

"Nilikwenda kununua shaba, Afande. Sikwenda kuchoma nyumba ya mtu."

Shakiru alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza, kama anaonyesha kwamba hakuficha kitu. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa Pasua, kijana mrefu mwenye masizi yasiyotoka kwenye kucha, na masizi hayo yalimponza. Jumapili iliyopita, watu wa Old Moshi wakiwa kanisani, nyumba ya Mzee Eliezeri Njau ilishika moto. Waliotoka mbio kwenda kuzima walimkuta yeye akishuka na pikipiki. Walimpiga kwanza, wakamuuliza baadaye.

Mkaguzi Msaidizi Mwanajuma Kijazi alilitazama jicho lake la kushoto, lililokuwa bado limevimba. Nguo za Shakiru zilikuwa zimeshapimwa. Zilikuwa na jasho na oili, hazikuwa na petroli.

"Shaba gani?"

"Ya taa. Mzee alikuwa mlinzi wa mnara wa taa huko baharini, kisiwa kinaitwa Mwambakuu. Alipostaafu akarudi na kipande cha taa yenyewe. Kioo kipana hivi." Akapima kwa mikono upana wa sinia la pilau. "Kimezungushiwa shaba nzito. Usiku ukiwa sokoni Kiboriloni unaiona ile taa yake kule juu, anaweka mshumaa nyuma ya kioo basi, lakini unasema gari linakuja."

"Akakubali kukuuzia?"

"Alicheka. Nilipokwenda mara ya kwanza hata kukiona nilikataliwa. Kilikuwa dirishani kwake, kimefunikwa kaniki. Nikamwambia mzee, kifunue basi nione uzito wa shaba. Akasema njoo jioni. Nikamwambia jioni nina shughuli. Akasema basi hukitaki, maana mchana hakifunuliwi."

"Alisema kwa nini?"

"Wazee wa mlimani, Afande, kila mmoja na mwiko wake. Muulize Mangi hapo."

Koplo Godlove, Mchagga aliyekuwa ameegemea mlango, hakugeuka. "Mangi babu yako."

"Umesikia? Mpaka na huyu ana mwiko wake."

"Jumapili ulifuata nini," Mwanajuma aliuliza, "na ulijua wenyewe wako ibadani?"

Shakiru aliondoa viganja mezani. "Nilikwenda kwa sababu nilijua wako ibadani. Nilitaka nichungulie dirishani nikione, asiwepo wa kunizuia. Kukiona tu."

"Ukakiona?"

"Nilifika kwenye uzio. Nikaona moshi unatoka chini ya bati. Nikageuza pikipiki."

"Hukupiga kelele?"

"Hapana. Nilijua nani ataambiwa kachoma."

Mwanajuma alifunga jalada. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alilitaka jalada hilo mezani kwake jioni, ili Jumatatu kijana apelekwe mahakamani. Kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi ni kosa la kifungo cha maisha. Kwenye jalada hapakuwa na kitu kingine zaidi ya kucha za Shakiru na mbio zake.

Walipofika koridoni simu ya Godlove iliita. Alisikiliza, akajibu maneno machache ya Kichagga, akaikata.

"Shangazi yangu. Ukoo wa Njau wanavunja chungu leo. Saa tisa."

Mwanajuma alisimama. Alizaliwa Njoro, mjini, lakini hakuna aliyekulia Moshi asiyejua maana ya maneno hayo. Aliyetenda uovu asipojulikana, wazee hukisemesha chungu, wakakivunja juu ya jina lisilojulikana, na inasemwa kifo huingia nyumbani kwa huyo mtu na hakitoki na mmoja. Wachungaji walikuwa wamekemea desturi hiyo tangu enzi za babu zao, na chungu kilikuwa bado kinaogopwa kuliko hakimu.

"Si wanasema Shakiru ndiye?"

"Hapo ndipo penyewe, Afande. Wangekuwa na uhakika wangengoja mahakama. Wametangaza sokoni wiki nzima, aliyechoma ajitokeze. Hakujitokeza mtu."

"Na kama aliyefanya hakukusudia? Kama hata hajui?"

Godlove alitafuta funguo za gari mfukoni, akachukua muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Chungu hakiulizi," alisema.

Ilikuwa imepita saa sita. Kabla ya kupanda mlimani Mwanajuma alitaka kuonana na mwenye nyumba.

Mzee Eliezeri alikuwa amekaa kitandani wodini, mikono yake imefungwa bandeji hadi viwikoni. Aliungua akifungua banda la ng'ombe. Ng'ombe walipona. Nyumba haikubaki kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule kijana mmeshamwachia?"

"Bado."

"Hakuchoma."

"Nani alichoma?"

"Hakuna."

"Moto hauji wenyewe, mzee."

"Nimeshasema. Hakuna aliyechoma. Andika hivyo."

Mwanajuma alikuwa ameshaandika hivyo siku ya kwanza, na mkuu wake akacheka. Leo hakutoa kalamu. Alivuta kiti karibu.

"Basi tuache moto. Nieleze habari za kioo."

Uso wa mzee ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kile si changu. Ni cha Mwambakuu. Nilipelekwa huko kijana, sijawahi kuiona bahari. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni yale mawingu ya asubuhi, yanayoufunika mji wote ukiangalia toka kwetu. Nikasimama nangoja yaondoke." Alicheka peke yake. "Kisiwa chenyewe ni jiwe. Jiwe, vichaka na ndege. Maji ya kunywa yanaletwa na mashua ya serikali pamoja na unga na mafuta ya taa, na bahari ikichafuka haiji. Mnara ulijengwa na Mjerumani, yaani ulijengwa na watu wetu Mjerumani akiwa amesimama. Mawe yalibebwa kichwani kutoka ufukweni. Wangapi walianguka, hakuna aliyejali kuhesabu. Akaja Mwingereza akabadilisha taa, akaleta kioo kikubwa, vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Sisi tukaipokea hivyo."

"Na nani alikufundisha kazi?"

"Mzee Mikidadi, Mungu amrehemu, mtu wa pwani. Yeye alifundishwa na aliyemtangulia, naye na aliyemtangulia, mpaka huko kwa Mjerumani. Hapakuwa na shule ya kazi ile. Unapanda ngazi nyuma ya mwenzako, unatazama mikono yake. Namna ya kukata utambi. Namna ya kupandisha uzito unaozungusha taa, kama saa ya ukutani, usiku kucha, ukilala tu inasimama. Meli zinapita mbali, hazijui jina lako, na wewe hujui lao. Lakini wakati wetu hakuna hata moja iliyopanda mwamba. Hata moja." Alitaka kuinua kidole, bandeji ikamzuia. "Halafu wakaleta taa inayojiwasha yenyewe kwa jua. Tukashushwa siku moja, sisi na kioo. Kipande kimoja kilikuwa na ufa pembeni, hawakukitaka. Wakanipa mimi."

"Mafuta yote yale kisiwani, na hakukuwahi kutokea moto?"

Mzee aligeuzia uso dirishani.

"Chumba cha taa kiliungua. Huko juu kabisa. Mwanzoni mwa Mwingereza, kioo kikiwa kipya, sakafu ilikuwa bado ya mbao. Ilikuwa mchana. Mlinzi akachapwa viboko, wakasema alikuwa anavuta tumbaku."

"Halafu?"

"Wakajenga upya. Kikaungua tena, zamu ya mlinzi mwingine."

"Naye akachapwa?"

"Hakuchapwa."

"Kwa nini yeye hakuchapwa?"

Mzee aliangalia bandeji zake.

"Nimechoka, mwanangu."

Godlove alichungulia mlangoni, akagusa saa yake ya mkononi. Mwanajuma aliinuka, kisha akainama tena karibu na kitanda.

"Mzee, una habari kwamba leo ukoo wako wanavunja chungu?"

Hakuwa na habari. Ilionekana hata kabla hajafungua mdomo. Alijaribu kushuka kitandani bila mikono, na Godlove akaingia kumshika.

"Nani? Jacob? Mpigieni Jacob."

Godlove alipiga. Simu ya Mzee Jacob, mdogo wake, ilikuwa imezimwa. Akapiga ya Daniel, mtoto wa mzee aliyekuja kutoka Dodoma kwa ajili ya Krismasi. Nayo ilikuwa imezimwa.

"Wanazima wote," Godlove alisema. "Chungu hakisemeshwi simu zikilia."

"Na Kindness yuko huko?" mzee aliuliza.

Kindness alikuwa mke wa Daniel. "Lazima awepo," Godlove akamjibu. "Wa boma wote wanatakiwa kusimama pale."

"Ana mimba yule mtoto," mzee alisema. "Imekua."

Mwanajuma alimtazama. "Kwa nini umemuulizia mkamwana, mzee, hukumuulizia mwanao?"

"Nenda ukamwambie Jacob asivunje. Nenda. Unakaa hapa kufanya nini?"

Barabara ya kupanda Old Moshi ilikuwa imechimbwa na mvua. Godlove aliendesha akiwa ameegemea mbele, anakwepa mashimo na malori ya ndizi yanayoshuka Kiboriloni. Mwanajuma alishika mpini wa juu ya mlango.

"Jumapili hali ya hewa ilikuwaje huku?"

"Wiki nzima ilikuwa mawingu na manyunyu. Jumapili ndiyo kulikucha kweupe, mlima wazi mpaka theluji yote. Mchungaji hata aliutaja kwenye sala."

"Umeme?"

"Ulikatika tangu Jumamosi. Ndiyo maana hatukuandika shoti."

"Na jiko?"

"Liko nje, Afande, mbali na nyumba. Lilikuwa limezimwa. Nililigusa mwenyewe."

Alipinda kona, gari likateleza, likashika tena.

"Wiki ya Krismasi," Mwanajuma alisema, "wanawake wa huku wanafanya nini?"

"Wanafanya nini? Wanasafisha. Watu wanarudi kutoka Dar, Dodoma, kila mahali, nani anataka wamkute na uchafu? Mama yangu akianza kufua mapazia anafua mpaka ya jirani. Ukikaa vibaya anakufua na wewe."

Mwanajuma hakucheka. "Kimbiza gari."

Nyumba ya Mzee Eliezeri ilibaki kuta. Bati lilikuwa limeangukia ndani na migomba ya karibu ilikauka upande mmoja. Mwanajuma aliingia moja kwa moja chumba cha mzee. Siku ya kwanza alisimama pale na mkuu wake, wakaandika kwamba kitambaa chenye petroli kilirushwa kupitia dirishani, kwa kuwa moto ulianzia kitandani. Sasa alichuchumaa. Kweli, mbao za kitanda zilikuwa zimeliwa katikati kuliko pembeni. Lakini vioo vya dirisha vilikuwa vimeangukia nje, kwenye kitanda cha maua. Kama kitu kingerushwa kutoka nje, vingelala ndani. Dirisha lenyewe lilitazama bondeni, kule jua linakochomoza mwezi wa Desemba.

"Inua hilo bati."

Chini yake palikuwa na fremu ya shaba iliyopinda. Vipande vingi vya kioo vilikuwa vimepasuka, lakini jicho la katikati lilikuwa zima, nene kama mkate, jeusi kwa moshi. Mwanajuma alilifuta kwa leso. Halafu alitoka nje, akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, akitafuta kitu ambacho siku ya kwanza hakujua akitafute.

Kilikuwa kwenye uzio wa mimea ya masale, kimelowa mvua ya wiki nzima. Nyumba ikiungua, nani anakumbuka kuanua nguo? Kaniki nzito, iliyopauka kwenye mikunjo, yenye pete ndogo za shaba zilizoshonewa ukingoni ili itundikwe. Ilikuwa safi. Ilikuwa imefuliwa vizuri sana.

"Mlinzi wa pili hakuchapwa," Mwanajuma alisema, "kwa sababu walikuwa wameshajua. Hapakuwa na mtu wa kuchapwa."

Godlove aliangalia kaniki, akaangalia kioo, akaangalia juu.

"Yesu wangu," alisema. "Na aliyeifua amesimama nao pale sasa hivi."

Walikuta watu kwenye uwanja wa Mzee Jacob, chini kidogo ya mashamba ya kahawa. Wazee walikuwa wamesimama nusu duara, kofia mkononi. Katikati, juu ya majani ya mgomba, palikuwa na chungu kidogo cheusi, na Mzee Jacob alikuwa amesimama juu yake na fimbo. Alikuwa ameshaanza kusema. Daniel alikuwa upande wa pili. Kindness, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mimba kubwa, alikalishwa kwenye kigoda kwa kuwa hakuweza kusimama muda mrefu. Alikuwa anaitikia maneno ya wazee pamoja na wengine, kwa sauti thabiti kabisa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Mzee Jacob aliteremsha fimbo bila kuiweka chini. "Marahaba. Umekuja kutukamata, Afande, au kushuhudia?"

"Kuomba muda kidogo."

"Serikali ina muda wake, na sisi tuna wetu."

"Wiki nzima mmemfungia mtu na hamjui kama ndiye," alisema Mzee Wilson, jirani, mzee mnene mwenye koti la suti. "Chungu kitajua leo leo, na hakihitaji posho."

Wachache walicheka. Mwanajuma alingoja wamalize.

"Nimetoka kwa Mzee Eliezeri. Anasema msivunje."

"Kaka yangu ni mgonjwa. Ana huruma hata kwa nyoka."

"Basi nipeni majani makavu ya mgomba. Nikishindwa kuwaonyesha aliyechoma, mtaendelea."

Mzee Jacob aliangalia wenzake. Mmoja wao aliangua jani kavu kutoka kwenye mgomba, akaliweka chini mbele ya Mwanajuma. Mwanajuma alipiga magoti, akainua kile kioo kwa mikono miwili, akakielekeza juu.

Wingu lilikuwa limefunika jua.

Alisubiri. Kioo kilikuwa kizito. Juu ya jani palikuwa na kivuli tu cha vidole vyake. Mtu alikohoa.

"Kumbe na Afande ana mganga wake," Mzee Wilson alisema.

"Mzee Jacob," mwingine akanong'ona, "saa inapita."

Mzee Jacob alishika fimbo upya. Mwanajuma hakugeuka. Alikuwa anatazama ukingo wa wingu ukisogea polepole mno juu ya migomba, na jasho lilimtiririka ndani ya ushungi. Nuru ilifika kwanza kwenye bati la nyumba ya Jacob, kisha uwanjani, kisha mgongoni kwake. Akasogeza kioo kidogo. Juu ya jani likatokea duara jeupe, likapungua, likawa nukta ambayo macho hayakuweza kuitazama.

Moshi ulitoka karibu mara ile. Kisha jani likashika moto, mwali mdogo usio na rangi juani.

Godlove aliukanyaga. Hakuna aliyecheka.

"Hiki ni kioo cha mnara," Mwanajuma alisema, akiinuka. "Kazi yake ni kupeleka mwanga mbali usiku. Mchana kikiachwa wazi hufanya mlichoona. Huko kisiwani kilichoma chumba cha taa mara mbili, na mtu mmoja akachapwa viboko bure. Ndiyo maana Mzee Eliezeri alikivisha kaniki kila asubuhi. Jumapili hakikuwa na kaniki, na anga lilikuwa wazi. Hakuna aliyechoma. Shakiru hakuchoma. Sheria haimtafuti mtu mwingine yeyote, na mimi simtafuti."

Hakuangalia upande wa kigoda.

Mzee Jacob alivuta pumzi. "Moto ni wa jua. Nimeona. Lakini kaniki haikutembea yenyewe. Upo mkono ulioiondoa, na mwenye mkono ametusikia tukitangaza wiki nzima, akanyamaza."

"Huenda hajui, mzee."

"Chungu kitamjua."

Akainua fimbo. Mwanajuma alipiga hatua moja mbele, akijua hana kifungu chochote cha sheria cha kumzuia mzee kuvunja chungu chake.

"Baba mdogo."

Kindness alikuwa amesimama. Kigoda kilianguka nyuma yake.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilikuwa imemwishia, wakasogea kumsikia. "Ilikuwa nyeusi. Nikaona ni kama ya msiba, na watu wanakuja Krismasi. Nikaifua Jumapili alfajiri. Kitandani nikatundika neti nyeupe niliyotoka nayo Dodoma. Baba alikuwa ameshakwenda kuwahudumia ng'ombe, hakurudi chumbani, tukatoka. Nilitaka akirudi ibadani akute chumba cheupe." Aliweka mikono yote tumboni. "Sikujua. Wallahi... jamani, sikujua. Nimeitikia maneno yenu yote haya."

Daniel alimfikia, akamshika. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeamshwa ghafla.

Mzee Wilson alimgeukia Mzee Jacob.

"Na wewe, Jacob, ulijua kaniki ile ni ya nini?"

"Hakuniambia." Mzee Jacob alizungumza kama anayejisemesha. "Hapo kwake nimeingia na kutoka miaka yote. Nilidhani ni mambo ya pwani. Hakumwambia mtu." Aliteremsha fimbo, akaiweka chini. Lakini hakukigusa chungu.

"Basi kimekwisha?" Mwanajuma aliuliza.

"Hakijakwisha. Kimeshasemeshwa. Siwezi kukirudisha darini na maneno ndani yake, yatamfuata huyu mtoto yakiwa mazima. Mwenye hasara ndiye hukipoza. Anatema maziwa ndani, anasema amesamehe. Ni yeye tu. Hata mimi siwezi."

"Mwenye hasara yuko hospitali."

"Ndiyo."

"Basi twende nacho."

Mzee Jacob alimtazama, halafu akatazama barabara ile iliyochimbwa na mvua. "Kikivunjika njiani, Afande, kimevunjika."

Kindness alitaka kukibeba mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya. Mwanajuma ndiye aliyekaa nacho mapajani, kwenye kiti cha nyuma, amekizungushia ile kaniki iliyolowa. Kindness alikaa kulia kwake na kibuyu kidogo cha maziwa, Daniel mbele. Godlove, aliyepanda kama anakimbizwa, alishuka kwa gia ya kwanza. Kila shimo alilitangaza.

"Shimo. Dogo. Sasa kubwa, shikeni."

Chungu kiliruka, Mwanajuma akakikumbatia. Hakuwa anaamini. Alijiambia hivyo kwenye kila kona, na kwenye kila kona alikibana zaidi. Kiboriloni ng'ombe alivuka ghafla, Godlove akakanyaga breki, na Kindness akatoa sauti ndogo ambayo ilibaki masikioni mwao mpaka mjini.

Muuguzi wa zamu aliwazuia mlangoni. "Chakula cha nje kinaingia kwenye hotpoti. Hicho chungu ni cha nini?"

"Ni kielelezo," Mwanajuma alisema, akapita.

Mzee Eliezeri alikuwa bado amekaa, macho mlangoni. Aliona chungu kwanza. Kisha akamwona Kindness nyuma yake, na akajua kila kitu kilichosemwa huko juu.

"Nani kamtaja?" alimuuliza Mwanajuma kwa ukali.

"Amejitaja mwenyewe, mzee."

Kindness alipiga magoti kando ya kitanda.

"Ile neti," mzee alisema, "uliipata wapi?"

"Dodoma, baba."

"Niliiona inawaka nilipofika. Nikasema, hii ilikuwa nzuri." Alimsogelea kadiri alivyoweza. "Sikukwambia habari ya kioo. Nilikaa nacho kama siri ya watu wawili, mimi na marehemu Mikidadi. Kosa hilo si lako. Leteni maziwa."

Daniel alimnywesha kutoka kwenye kibuyu. Mwanajuma aliinua chungu hadi kidevuni kwake. Mzee alishika maziwa mdomoni muda, macho amefumba, kisha akayatema ndani. Alisema maneno ya Kichagga, machache, taratibu, na Daniel akageukia ukutani.

"Amesema nini?" Mwanajuma alimuuliza Godlove kwa sauti ya chini.

"Amesema nyumba ni miti na bati. Mtoto azaliwe mzima."

Kindness aliinua uso. "Naweza kukishika sasa?"

"Kishike," mzee alimjibu. "Ni udongo."

Mwanajuma alimkabidhi. Alikipokea kwa viganja viwili na kukiegemeza juu ya tumbo, na mikono yake haikutetemeka. Alikaa nacho hivyo, akisikiliza kama yule aliyemo ndani atapiga teke.

Koridoni Mwanajuma alipiga simu kituoni. Ushungi wake ulinuka moshi na nguo zake zilikuwa na doa la maji ya kaniki kuanzia kiunoni hadi magotini.

"Mfungulieni Shakiru," alisema. "Ndiyo, sasa hivi. Mkuu akiuliza, mwambie nimemjua aliyechoma. Mwambie anachomoza kila asubuhi na hatuna pingu zake."

Akakata simu kabla askari wa zamu hajauliza lolote, akaenda kutafuta sabuni.